Kufuli la Nani Lilikuwa Mlangoni?

Chumba cha swichi kuu cha chuo kina sheria moja ambayo hata wazembe wanaiheshimu. Fundi anayeingia kushika nyaya anazima swichi kwanza, anaufunga mlango wa swichi hiyo kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anautia mfukoni. Mwingine yeyote, hata awe mkuu wa chuo, haruhusiwi kuligusa kufuli hilo. Aliye na ufunguo ndiye aliye ndani. Mtu akiurudisha umeme kwa haraka zake, wa ndani hatoki kwa miguu yake.

Makufuli ni manne kwa mafundi wanne, kila moja limepakwa rangi. Jeusi la fundi mkuu, kijani la fundi wa jenereta, bluu la kijana wanayemwita Injinia, jekundu la Mama Fyuzi. Yote hutundikwa kwenye misumari ndani ya stoo. Mtunza stoo, mama mmoja mnene asiyemwamini hata mumewe, hamkabidhi mtu kufuli bila kumwandika kwenye daftari lake: rangi, limetoka saa ngapi, limekwenda chumba gani, limerudi saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuomba kulisoma daftari hilo. Lilikuwa la kumridhisha yeye na mkaguzi wa usalama, ambaye hutokea mara moja kwa mwaka na kuondoka kabla ya chai.

Mama Fyuzi ana miaka arobaini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye karakana ya umeme ya chuo, ambako hadi leo ni mwanamke peke yake. Ni mfupi, mikono imekomaa, na huongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mngurumo wa jenereta. Glavu za mpira zinazotolewa na chuo zilitengenezwa kwa vidole vya wanaume, kwa hiyo kila asubuhi anashindilia pamba kwenye ncha za vidole vyote kumi vya glavu hizo. Karakana ina chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na mlango wake haufungiki. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili amebadilisha nguo kwenye kichumba cha betri, kati ya madumu ya maji ya betri, akiwa ameegemeza mgongo mlangoni. Aliwahi kuandika barua kuomba komeo. Alijibiwa kwamba jambo lake linashughulikiwa. Ilikuwa mwaka wake wa tatu kazini.

Hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo alilisema kwa majivuno. Wanawake wa ofisini walipomwambia, "Mwenzetu unawezaje na hao wanaume?" aliwajibu, "Waya haujui kama mimi ni mama au baba. Ukikosea unakurusha tu."

Watu walicheka. Naye alipenda kuwachekesha.

Kisa chenyewe kimekaa kwenye kadi za kazi. Kila kazi ya umeme chuoni ina kadi yake: tatizo, mahali, vifaa, na mstari mmoja ulioandikwa "Kiongozi wa kazi". Mama Fyuzi ana mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja kama majani ya mpunga. Mzee, aliyekuwa fundi mkuu, aliliona hilo mapema. "Wewe una mkono wa shule," alimwambia. "Sisi wengine tunaandika kama kuku amekanyaga wino. Kadi zote andika wewe." Naye aliziandika, zake na za wenzake, jioni baada ya kunawa mikono, wakati wanaume wakiwa wameshakaa nje kwenye benchi.

Miaka kumi na moja iliyopita akaja Injinia. Si injinia, ana cheti cha ufundi kama wao wengine, ila alifika siku ya kwanza amechomekea shati na kalamu mbili mfukoni, jina likamganda. Mama Fyuzi ndiye aliyemfundisha kupima waya kabla ya kuuamini na kusikiliza swichi kwa sikio. Mwaka wa tatu Injinia alirushwa na umeme wa bodi kuu, ile iliyo chumba cha swichi kuu, akaangukia ukuta, akalala zahanati siku mbili. Aliporudi alikuwa mzima, ila tangu siku hiyo hakuingiza tena mkono ndani ya bodi kuu. Alisimama mlangoni na tochi. "Mama, wewe ingia, mimi nakumulikia." Karakana nzima ilijua. Hakuna aliyelitaja, kwa sababu walimpenda, na kwa sababu aibu ya mwenzako huitangazi.

Mzee ndiye aliyepata njia ya kuificha. "Kazi kubwa za bodi kuu, kwenye mstari wa kiongozi mwandike kijana," alimwambia Mama Fyuzi. "Kwanza inamwinua moyo. Pili, ofisi ya majengo wakiona jina la mwanamke kwenye kazi ya umeme mkubwa wataanza kuuliza maswali. Nani amemruhusu, nani alikuwa naye. Kadi itakaa wiki mbili haijasainiwa."

"Sawa, mzee," alisema. "Mradi taa ziwake."

Akaandika. Kwa mwandiko wake mzuri, jioni baada ya jioni, kwa miaka minane.

Mwaka huu Mzee alistaafu, na nafasi ya fundi mkuu ikatangazwa. Mama Fyuzi aliomba. Injinia naye aliomba, na kabla ya kuomba alikwenda kumwambia kwa adabu. "Mama, mimi naweka jina tu. Wewe ndiye mwenye kiti." Alimwamini.

Usaili ulifanyika ofisi ya majengo, mbele ya watu watatu. Aliyekaa katikati ni Mkuu wa Majengo, mwanamume mwenye sauti laini na tai iliyonyooka, anayemwita kila mwanamke aliyemzidi mwaka mmoja "mama yangu". Mbele yake palikuwa na mafaili mawili. Alipekua la kwanza polepole, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Mama yangu, hapa nina kadi zako za miaka minane. Kazi ulizoongoza: soketi. Balbu. Feni ya maktaba. Soketi. Kengele. Soketi." Akainua macho. "Bodi kuu hakuna, hata mara moja."

"Za bodi kuu nimezifanya mimi, mkuu."

"Kadi zinasema kiongozi ni mwenzako."

"Kadi nimeziandika mimi."

"Ahaa." Aliwatazama wenzake, akatabasamu. "Kwa hiyo kwa mwandiko wako mwenyewe umeshuhudia kwamba kiongozi hakuwa wewe. Mimi nikukatalie ushahidi wako?"

Wakacheka wote watatu. Kicheko hakikuwa kirefu, wala, ukivipima vicheko, hakikuwa kibaya sana. Kilikuwa cha watu waliopumzishwa kazi ya kufikiri. Mama Fyuzi alitoka, akavuka uwanja, akapita karakana yake bila kugeuza shingo, akaenda nyumbani kwa miguu akiwa bado na pamba kwenye vidole viwili vya glavu mkononi.

Nyumbani ni vyumba vitatu. Cha mbele kina cherehani ya mumewe, fundi nguo, mtu wa maneno machache na mita nyingi. Cha nyuma analala binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo hichohicho, Idara ya Masomo ya Jinsia. Juu ya idara hiyo mama na binti wamekwisha gombana mara zisizo na idadi. Siku binti alipoleta barua ya kuchaguliwa, mama aliisoma mara mbili, akaikunja. "Yaani nimeunguzwa vidole miaka yote hii ili uende ukasomee kuwa mwanamke? Mbona mimi nimefuzu bila cheti?" Baba alicheka hadi akajichoma sindano. Binti hakucheka.

Jioni ya usaili binti alimkuta mama amekaa jikoni kwenye kigoda, hajawasha taa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wamesemaje?"

Akamweleza. Aliyaeleza bila kupandisha sauti, kama anayesoma mita. Binti alisikiliza amesimama, na mama alipofika kwenye habari ya mwandiko, binti akaketi sakafuni.

"Mama. Miaka minane umejifuta mwenyewe. Kwa mkono wako!"

"Usinianze."

"Nikuanze vipi? Wamekuchukulia kazi, halafu wamekupa na kalamu uwasaidie!"

Mama Fyuzi alipiga meza hadi sufuria ikaruka. "Nilimfichia kijana aibu! Nilitaka kazi isonge! Nyinyi huko mmefundishwa kulia kwa maneno marefu, mfumo dume, sijui ukandamizaji. Umewahi kushika waya wewe? Umewahi kusikia Mzee akinitukana? Hajanitukana hata siku moja! Alinipenda kama mdogo wake!"

"Ndiyo maana mama. Angekutukana ungekataa."

Cherehani ya chumba cha mbele ikasimama. Baba alikuwa anasikiliza, kama wanavyosikiliza wanaume wenye busara, kwa mbali.

"Mwalimu wetu," binti alisema, sasa polepole, "kila tukimpelekea habari anauliza swali moja tu. Karatasi hii imeandikwa na nani, na iko wapi ile iliyoandikwa na mtu mwingine. Basi nakuuliza wewe. Kuna karatasi yoyote huko karakana ambayo hukuiandika wewe?"

Mama alitaka kumjibu kwa ukali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Daftari la makufuli," alisema.

Kesho yake asubuhi walikuwa stoo watatu: mama, binti na mtunza stoo, ambaye kwanza alikataa kulitoa daftari, kisha aliposikia sababu akatoa yote manane, moja la kila mwaka, na kiti. Binti alisoma nakala za kadi zinazobaki karakana, mtunza stoo alisoma daftari. Siku fulani, bodi kuu, kiongozi Injinia. Daftari: jekundu limetoka saa tatu na robo, limerudi saa saba. Siku nyingine, hosteli ya wavulana, kebo imeungua, kiongozi Injinia. Daftari: jekundu. Kadi: Injinia. Daftari: jekundu. Kwenye kazi sitini na tatu, kufuli jeusi la Mzee lilikuwa mlangoni mara tano. Jekundu mara hamsini na nane. La bluu halikutoka stoo kwa ajili ya bodi kuu hata siku moja katika miaka minane.

"Hili lina vumbi," alisema mtunza stoo, akilishusha kufuli la bluu kutoka msumarini. "Mtu anaweza kukudanganya ameshiba, amelala, ameoa. Lakini hatanidanganya mimi kuhusu mlango ambao mwili wake uko nyuma yake."

Mama Fyuzi alihesabu upya kwa kidole. Zikawa hamsini na nane tena. Si kwamba hakuijua kazi yake. Ila alikuwa hajawahi kuiona imepangwa mstari kwa mstari, na karibu na kila mstari, kwa mwandiko aliosifiwa nao tangu shule ya msingi, kuna uongo wake.

Alipeleka nakala ofisi ya majengo mchana uleule. Mkuu wa Majengo alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma hadi mwisho. Akazirudisha.

"Mama yangu, hili ni daftari la usalama. Halihusiki na masuala ya ajira. Tukianza kuajiri watu kwa makufuli, kesho mlinzi wa geti atataka kuwa mkuu wa chuo." Akacheka peke yake. "Uamuzi ni Ijumaa. Uwe na amani."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano palikuwa na mdahalo.

Tangazo lake lilikuwa limebandikwa kila ukuta kwa mwezi mzima: "Idara ya Masomo ya Jinsia imekwisha timiza kazi yake na ifungwe." Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Fyuzi alikuwa kazini, kwenye kibanda cha mitambo nyuma ya ukumbi, vipaza sauti na taa zote zikiwa chini ya vidole vyake. Upande wa kupinga alisimama mwalimu wa binti yake, mwanamke mrefu mwenye miwani. Upande wa kutetea hoja alisimama Mkuu wa Majengo.

"Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mabomba na matofali," alianza, na ukumbi ukamcheka kwa upendo. "Siyajui maneno makubwa. Ninachojua ni kwamba dirisha likivunjika huliweki kwenye mhadhara, unaweka kioo. Hawa wenzetu wanatuambia chuo kimejaa ubaguzi. Wapi? Twende karakana ya umeme. Pale tuna mama yetu, wengi mnamjua kwa jina la utani, mnampenda, nami nampenda. Nani amemzuia? Hakuna. Ameingia kwa mlango uleule na wanaume. Kazi ndogondogo anazifanya vizuri sana, kwa usafi wa kina mama. Kazi kubwa anafanya anayeziweza. Sisemi mimi, kumbukumbu za kazi zinasema, na tena zimeandikwa na mama mwenyewe! Sasa hapo ufeministi utafundisha nini? Utafundisha kumbukumbu ziseme uongo?"

Makofi. Vijana wa nyuma walipiga miguu sakafuni.

Kwenye kibanda, mkono wa Mama Fyuzi ulikuwa juu ya swichi ya ukumbi. Kidole kimoja tu, na yule bwana angebaki anachezesha mdomo gizani kama samaki. Alikiacha kidole pale muda wa pumzi tatu. Kisha akakiondoa. Hajawahi kukata umeme watu wakiwa ndani bila kuwaonya, na hakuwa tayari kuanza kwa ajili yake.

Mwalimu mwenye miwani alijibu. Alijibu vizuri, kwa waliosoma. Alisema juu ya miundo, juu ya kazi isiyoonekana, juu ya utafiti alioufanya katika taasisi tisa. Yote yalikuwa kweli, lakini hakulitaja kufuli hata moja, kwa kuwa hakulijua. Binti alikuwa safu ya tatu. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatalitoa jambo lake mbele za watu, akaitimiza ahadi hiyo ameuma midomo hadi ikabadilika rangi.

Ukafika wakati wa maswali. Kipaza sauti cha wasikilizaji kilisimama katikati ya ukumbi. Wanafunzi wawili waliuliza maswali ya kujionyesha. Wa tatu kufika pale alikuwa mfupi, amevaa ovaroli.

"Nina swali kwa mkuu," alisema Mama Fyuzi. "Siku bodi kuu ilipoungua, wakati wa mitihani ya mwaka juzi. Kufuli la nani lilikuwa mlangoni?"

Mkuu wa Majengo aliinama kwenye kipaza sauti chake. "Mama yangu, hapa tuko kwenye mdahalo wa jinsia, si duka la vifaa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama Fyuzi alisubiri. Watu wanaofanya kazi na umeme wanajua kusubiri.

"Nauliza tena. Kadi niliyoiandika inasema alikuwa Injinia. Injinia yumo humu, nimemwona, amekaa karibu na nguzo. Simwulizi ameongoza nini. Namwuliza kitu kidogo. Siku ile ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"

Vichwa vyote viligeuka kwenye nguzo. Injinia alikuwa amevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alitazama viatu vyake. Alitazama mlango. Jirani yake akamsukuma kwa kiwiko, "Sema basi wewe!" Mwisho akainuka, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka nje.

"Amekwenda kuutafuta ufunguo," alisema mtu kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilielekea upande mwingine.

"Mimi nimeandika uongo miaka minane," aliendelea Mama Fyuzi. "Mkuu amesema kweli hapo. Niliambiwa kwamba jina la mwanamke litachelewesha kazi, nikaona afadhali taa ziwake. Leo uongo huo unasomwa humu kama ushahidi kwamba siwezi. Wanaotaka kuifunga idara wananitumia. Nanyi wa idara, miaka yote mmekaa jengo la pili kutoka karakana, taa zenu nimezitengeneza mimi, hakuna aliyewahi kushuka ngazi kuniuliza glavu zinanitosha au hazinitoshi. Mwanangu ndiye aliyeniuliza. Basi."

Alirudi kwenye kibanda na kupandisha sauti ya kipaza cha mwenyekiti, iliyokuwa chini kidogo.

Hoja ya kuifunga idara ilishindwa kwa tofauti ya kura kumi na mbili. Watu walipokuwa wakitoka, mwalimu mwenye miwani alifika kibandani, macho yakimlengalenga. "Mama, umetuokoa. Ningependa nikualike darasani. Wewe ni mfano hai wa kila kitu tunachokifundisha."

"Mimi si mfano, mwalimu," alisema, akikunja nyaya. "Mimi nataka kazi yangu."

Mwalimu akafanya jambo la maana kuliko yote aliyoyasema jukwaani: akashika ncha ya pili ya waya, akamsaidia kuukunja. "Rufaa inaandikwa ndani ya siku kumi na nne," alisema. "Najua kanuni zake. Tukae lini?"

Ijumaa tangazo lilibandikwa. Fundi mkuu: Injinia.

Rufaa iliandikwa na watu wanne, mama, binti, mwalimu na mtunza stoo, kwenye meza ya cherehani, na daftari la mtunza stoo likaambatishwa, ukurasa kwa ukurasa. Ofisi ya utumishi iligonga muhuri kwamba imepokelewa. Mama Fyuzi aliendelea kwenda kazini kama kawaida. Salamu alijibu. Kadi za wenzake hakuandika tena. "Mkono unaniuma," alisema, na kadi zikaanza kuwasili ofisi ya majengo zikiwa na mwandiko wa kuku na wino wake.

Wiki ya tatu, Jumanne, saa nne asubuhi, harufu ya plastiki iliyoungua ilitoka chumba cha swichi kuu na chuo kizima kikazimika. Madarasa, ofisi, jiko la wanafunzi. Mama Fyuzi alikimbilia kwanza zahanati, akahakikisha jenereta imeshika na friji ya dawa inanguruma. Kisha akaenda chumba cha swichi, akatembea.

Injinia alikuwa mlangoni na tochi. Kazi ilikuwa na kadi tayari, na kwenye mstari wa kiongozi palikuwa na jina lake mwenyewe kwa kuwa sasa ndiye fundi mkuu.

"Mama, afadhali umefika. Ingia, nakumulikia."

Mama Fyuzi aliisoma kadi. Akamrudishia. Akaegemea ukuta, akafunga mikono kifuani.

"Jina lako liko kwenye kadi. Kufuli lako liwe mlangoni."

"Mama..."

"La bluu. Liko msumarini. Mtunza stoo alilifuta vumbi."

Dakika kumi. Ishirini. Mkuu wa Majengo alifika akitokwa jasho, tai imepinda, simu kwenye masikio yote mawili kwa zamu. "Nini kinaendelea hapa? Mkuu wa chuo ana wageni! Mama yangu, mbona umesimama?"

"Nafanya kazi ndogondogo, mkuu. Kuna balbu inanihitaji?"

"Hili si suala la utani!"

"Sitanii. Kumbukumbu zinasema bodi kuu anaiweza yeye. Amefanya hamsini na nane. Hii ni ya hamsini na tisa."

Injinia aliitazama bodi. Mlango wake wa chuma ulikuwa wazi, na ndani nyaya nene zilikuwa zimekaa nyeusi, zimetulia. Alinyoosha mkono mpaka kwenye kizingiti. Mkono ulitetemeka waziwazi, mbele ya bosi wake, mbele ya fundi wa jenereta, mbele ya wanafunzi watano waliokuja kuuliza umeme utarudi lini. Mama Fyuzi aliuona mtetemeko ule na moyo wake ukamwuma, kwa kuwa huyu alimlea. Hakusogea.

"Siwezi," alisema Injinia. Alisema kwa sauti ndogo, kisha akageuka kwa Mkuu wa Majengo akasema kwa kubwa. "Mkuu, mimi siwezi hii. Sijawahi. Zote alikuwa mama. Pale ukumbini nilitakiwa niseme, nikakimbia."

Hakuna aliyecheka.

"Lete kadi mpya," alisema Mama Fyuzi. Mtu akaleta. Injinia akampa, pamoja na kalamu moja kati ya zile mbili, kwa mazoea.

"Hapana. Andika wewe. Mimi nimeandika ya kutosha."

Akaandika ameiegemeza kadi ukutani. Kwenye mstari wa kiongozi wa kazi aliandika jina la Mama Fyuzi, kwa herufi zilizokwenda kombo, moja ikipanda, moja ikishuka. Lilikuwa jina lililoandikwa vibaya kuliko yote kwenye kabati la kadi. Alimkabidhi Mkuu wa Majengo asaini.

"Hili tutalizungumza ofisini," alisema Mkuu.

"Tutalizungumza. Saini kwanza," alisema Mama Fyuzi.

Akasaini. Mama Fyuzi alimtuma fundi wa jenereta stoo, na kufuli jekundu likaja, limeandikwa saa nne na dakika hamsini na tano. Alizima, akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akavuta glavu zake zenye pamba.

"Inua tochi," alimwambia Injinia. "Juu zaidi. Na usiangalie pembeni, angalia ninapoweka mkono. Wewe ndiye uliyeshika cheo, basi jifunze."

Umeme ulirudi saa saba kasoro robo. Alirudisha kufuli, akalisainia, akaichukua ile kadi kabla haijaingia kabatini, akapanda nayo hadi chumba cha mashine ya kunakili, akiwa na masizi hadi kwenye viwiko. Mashine ndiyo kwanza ilikuwa inapata joto. Alitoa nakala tatu. Moja aliipeleka mwenyewe ofisi ya utumishi, akamwomba karani afungue faili la rufaa mbele yake na kuiweka juu kabisa.

"Jibu bado, mama," alisema karani.

"Najua," alisema. "Nitakuja tena kesho." Akageuka kwenda karakana, kisha akarudi hatua mbili. "Na kuna barua yangu nyingine humo, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Ya komeo. Hiyo nayo itoe."